Ngao ya Wazee wa Birmingham: Mwaka Mzima na Rekodi ya Judas Priest

Albamu ya Invincible Shield, yaani Ngao Isiyoshindwa, ilitoka Ijumaa ya tarehe 8 Machi 2024, joto la mwisho wa kaskazi likiwa limetukalia Mombasa kama kifuniko cha sufuria. Nilikuwa na geti la kumaliza, milango miwili ya futi saba, na mwenyewe alikuwa ameahidiwa Jumamosi asubuhi. Nikaunganisha simu na spika kubwa ya karakana, nikavaa ngao yangu ya uso, nikabonyeza wimbo wa kwanza. Wimbo wa tatu ulipokwisha nilikuwa nimeshazima mashine, nimeketi juu ya debe la rangi, rodi bado imebanwa kwenye koleo lake. Geti lilichukuliwa Jumatatu. Mteja alinisamehe.

Tangu siku ile nimeisikiliza rekodi hii mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa spika, kwa simu, na kwa CD ambayo binamu yangu wa Leicester alinitumia kwa mkono wa mtu aliyekuwa akija likizo. Sasa naweza kuizungumza kwa utulivu kidogo. Kidogo tu.

Kwa msomaji asiyewajua: Judas Priest ni bendi ya Uingereza ya metali, yaani muziki mzito wa magitaa, kutoka West Bromwich na Birmingham, na albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1974. Hii ni ya 19. Mwimbaji wao, Rob Halford, alikuwa na miaka 72 ilipotoka. Glenn Tipton, mpiga gitaa, alikuwa na 76. Umri huo nautaja mapema kwa sababu ndio kila mtu anaouliza, na kwa sababu ukisikiliza bila kuambiwa hutaujua.

Mimi niliwajua kwa kaseti. Mwaka 1996 kaka yangu mkubwa alikuwa akifanya kazi bandarini Kilindini, na baharia mmoja alimwachia kaseti tatu badala ya pesa ya chakula. Mbili zilikuwa za nyimbo za mapenzi. Ya tatu ilikuwa Painkiller, rekodi yao ya mwaka 1990. Tuliiweka kwenye redio ya mezani, pale sebuleni, na zile dramu za mwanzo za Scott Travis zikaanza kumwagika. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Baba, aliyekuwa fundi wa leth, mashine ya kukereza chuma, katika karakana ya reli, alisikiliza mpaka gitaa lilipoingia, kisha akasema, "Huyu anapiga kama mtu anayejua chuma kiko wapi." Akarudi kusoma gazeti lake. Kwangu hiyo ilikuwa ruhusa, na nimeitumia mpaka leo.

Maneno ya Baba nilikuja kuyaelewa baadaye, niliposoma habari za huko walikotoka. Sehemu ile ya Uingereza waliita Nchi Nyeusi kwa sababu ya makaa ya mawe na moshi wa viwanda. Halford alikulia Walsall, kwenye viwanda vya kuyeyusha na kufua chuma. Tipton aliwahi kufanya kazi British Steel, shirika la chuma, na mwaka 1980 bendi ikaipa albamu jina hilohilo. Katika albamu ile, kwenye wimbo mmoja wanasikika kama majitu ya chuma yakitembea. Sauti ile waliipata kwa kutikisa trei la visu na uma mbele ya maikrofoni. Na jirani yao Tony Iommi wa Black Sabbath, mtu ambaye muziki huu wote una deni kwake, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavitia ngozi, akarudi kwenye gitaa. Kwetu Changamwe kila karakana ina mtu mwenye kidole kilichopungua. Ninapoisikia sauti hii nasikia watu wa kazi yangu.

Basi, rekodi yenyewe.

Panic Attack hufungua kwa gitaa lililopitishwa kwenye sintesaiza, mng'aro uleule waliojaribu mwaka 1986 katika albamu ya Turbo, wakalaumiwa na mashabiki wengi. Hapa wameurudisha kifua mbele. Unapanda polepole, dramu zinaingia, na wimbo unaondoka kama treni ya mizigo. Halford anazungumzia kelele za mitandao, namna hofu inavyosambazwa na watu wasioonekana sura. Maneno si makubwa, lakini namna anavyoyatamka, akizikata silabi kama mtu anayekata bati kwa mkasi mzito, inatosha.

The Serpent and the King, yaani Nyoka na Mfalme, ndio wimbo ulionivua ngao usoni. Halford anaanzia juu, pale ambapo mwimbaji mwingine angekuwa anamalizia, na anakaa hukohuko beti nzima. Kisha kiitikio kinashuka chini, kipana, na magitaa mawili yanatembea sako kwa bako. Kijana wangu wa kazi, ambaye masikio yake ni ya Bongo Flava asubuhi hadi jioni, aliacha kupiga msasa akaniuliza, "Fundi, huyu analia ama anaimba?" Nikamwambia anaimba, na kwamba ni mzee kumshinda babu yake. Hakuniamini mpaka nilipomwonyesha picha: upara, ndevu nyeupe, koti la ngozi lenye misumari.

Wimbo wenye jina la albamu una dakika sita na kidogo. Nusu ya pili yake ni magitaa yanayopokezana, moja linauliza na jingine linajibu, halafu yanaungana. Hapo ndipo utajiri wa bendi hii ulipo tangu miaka ya sabini, na ndiyo maana Januari 2022, walipotangaza kwamba jukwaani watabaki na gitaa moja tu, mashabiki dunia nzima walipinga, na baada ya siku chache wakabadili uamuzi. Nilikuwa mmoja wa waliopinga. Ukiusikiliza wimbo huu kwa spika mbili zilizowekwa mbalimbali utanielewa. Ondoa gitaa moja na ni kama geti lenye bawaba upande mmoja.

Katikati ya albamu kasi inapungua. Devil in Disguise na Gates of Hell ni nyimbo za mwendo wa kati, imara, zimejengwa vizuri, lakini zikifuatana hivyo zinanipa hisia ya kusubiri. Ningeitoa moja. Crown of Horns ndiyo inayoinua tena: wimbo mpole, wenye mahadhi ambayo mke wangu huyaimba kwa mluzi bila kujua ameyatoa wapi. Baada yake, As God Is My Witness ina ngoma za miguu miwili kwa kasi ambayo Travis aliianza 1990, naye hajaipunguza. Trial by Fire ina mdundo unaokatika katikati ya hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akihesabu. Kila niusikiapo, jina lake, lenye maana ya kujaribiwa kwa moto, hunipeleka Reno, Nevada, mwaka 1990, bendi hii iliposimama kortini ikidaiwa kwamba rekodi yao ilikuwa na maneno ya siri yaliyowasukuma vijana wawili kujipiga risasi, na hakimu akaamua kesi kwa upande wao. Mimi sisemi wimbo unahusu kesi ile. Nasema wanaposema wamepita motoni, nawaamini.

Escape from Reality ni mzito, wa polepole, sauti ya Halford imefunikwa kama anaimba kutoka ndani ya tangi. Watu wengi wanauruka. Msiuruke. Usikilizeni usiku, taa zimezimwa. Sons of Thunder hauzidi dakika tatu, wimbo wa pikipiki kwa mtu ambaye kwa miongo mingi amekuwa akiingia jukwaani juu ya Harley-Davidson. Sina la kuongeza.

Sasa niseme habari za mikono.

Richie Faulkner, mpiga gitaa mwenzake Tipton, aliingia bendi hii mwaka 2011 kuchukua nafasi ya K.K. Downing. Tarehe 26 Septemba 2021, huko Louisville, Kentucky, katika tamasha la Louder Than Life, mshipa mkuu wa moyo wake ulipasuka akiwa jukwaani. Walikuwa wanapiga Painkiller, wimbo wa mwisho, mmoja kati ya nyimbo ngumu walizonazo. Aliumaliza. Hospitali ya moyo ilikuwa karibu, wakampasua kwa zaidi ya saa kumi, wakamtia vipande vya kutengenezwa kifuani. Tulijua hayo wakati rekodi inatoka, na nilikuwa nikizisikiliza solo zake nikifikiria moyo ule uliotiwa vipuri.

Kisha mapema mwaka 2025 akaeleza jambo jingine: kwamba baada ya upasuaji ule alipata kiharusi, nacho kimeuathiri mkono wake wa kulia. Mkono wa kulia ndio unaopiga nyuzi. Yaani mdundo wote, ule mkatokato wa kasi unaobeba muziki huu, unatoka kwenye mkono ambao mwenyewe anaushindania. Usiku huo nilirudi kusikiliza rekodi yote mwanzo hadi mwisho kwa vipokea sauti vya masikioni. Nilitafuta mahali mkono ulipoteleza. Sikupata.

Na Tipton. Februari 2018 alitangaza kwamba ana maradhi ya Parkinson na kwamba hataweza tena kuzunguka na bendi kama zamani. Jina lake limo katika utunzi wa nyimbo hizi, pamoja na Halford na Faulkner. Katika ziara amekuwa akipanda jukwaani mwisho kabisa, akiweza, apige nyimbo chache. Nimeziona video. Anasimama, wenzake wanamwachia nafasi, watu wanalitaja jina lake. Anapiga anachoweza kupiga.

Baba yangu alianza kutetemeka mikono mwaka 2009. Daktari alipolitaja jina la maradhi tulikuwa tunalisikia mara ya kwanza. Mtu aliyekuwa akikata chuma kwa kipimo cha nywele hakuweza tena kushika kikombe cha chai bila kukijaza nusu tu. Lakini alikuja karakana yangu kila siku ya Mungu, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, na chaki mfukoni. Mstari hakuweza kuuchora, kwa hiyo alinipa chaki mimi, akaniambia, "Anzia pale. Toa nywele moja kushoto. Sasa." Na pembe ilikuwa sawa. Nikiipima kwa rula ya pembe, sawa. Alikwenda hivyo miaka saba mpaka Mungu alipomchukua. Ndiyo sababu siwezi kuwasikiliza watu wanaosema Tipton angepumzika tu, kwamba kumpandisha jukwaani ni kumdhalilisha. Wao hawajakaa karibu na kiti kile.

Nirudi kwenye rekodi, maana ina kasoro na ni haki kuzitaja. Imetayarishwa na Andy Sneap, ambaye pia hupiga gitaa nao ziarani, na sauti yake ni safi, kavu, kila kitu kinasikika wazi. Isipokuwa besi. Mpiga besi Ian Hill yumo katika albamu zote 19, na hapa inabidi umtafute. Kwa spika ya karakana anasikika kwa tumbo. Kwa simu hayupo kabisa. Tena sauti imejazwa juu mwanzo hadi mwisho. Rekodi za zamani zilikuwa na mabonde, ulipumua, halafu ukapandishwa. Hapa ni mlima mmoja mrefu, na baada ya dakika hamsini na mbili masikio yanataka kivuli.

Ukinunua toleo lenye nyimbo 14, tatu za nyongeza ni Fight of Your Life, Vicious Circle na The Lodger. Ya kwanza ni ya kawaida, ya pili nzuri. Ya tatu ni kitu cha ajabu: imetungwa na Bob Halligan Jr., mtunzi wa nje aliyewahi kuwapa nyimbo miaka ya themanini, na ni hadithi ya kisasi inayosimuliwa taratibu kama mchezo wa redio. Haifanani na nyingine yoyote. Mimi naipenda mno, na ningeiweka ndani ya albamu yenyewe mahali pa Gates of Hell.

Niliisikiliza siku chache tu, kisha Mwezi wa Ramadhani ukaingia. Mwezi ule huwa sipigi muziki karakana, na muziki huu ndio kabisa. Nilidhani utanitoka. Badala yake, katikati ya mwezi, nikisubiri adhana ya Magharibi na tende mkononi, nilikuwa nakumbuka mahadhi ya Crown of Horns, tena kwa ukamilifu, na gitaa zake. Rekodi ikikukaa kichwani mwezi mzima bila kuisikia, hiyo si ya kutupwa. Siku ya tatu ya Idi niliiwasha tena.

Na wiki iliyofuata, Aprili 2024, ikaja rekodi nyingine iliyonigusa kwa njia tofauti kabisa. Naitaja kwa sababu kila mara kuna mtu anayeniambia muziki huu si wetu. Nairobi ina bendi za metali miaka mingi sasa. Mwaka 2020 vijana wawili wa huko waliojiita Duma, neno lenye maana ya giza kwa Kikuyu, walitoa rekodi kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na ulimwengu ukageuka kuwatazama. Mmoja wao, Martin Kanja, ajiitaye Lord Spikeheart, ndiye aliyetoa The Adept Aprili ile kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu. Ni mtu wa ukoo wa Field Marshal Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefariki Septemba 2023, na kazi ile ni ya kumkumbuka yeye.

Haina chochote cha Judas Priest. Hakuna magitaa ya kupokezana, hakuna kiitikio cha kuimba pamoja. Ni mashine, midundo inayovunjika, na koo la mtu mmoja likipasuka juu yake. Nikiri kwamba siwezi kuimaliza kwa kikao kimoja. Dakika ishirini, nasimama, natoka nje, narudi. Lakini sauti ya kijana yule ina uzito ambao hauwezi kuigizwa. Huyu hakuazima hasira ya mtu. Aliye na moyo aanze na rekodi ya Duma, kisha aje kwenye hii. Asiye na moyo mkubwa aanze na wazee.

Wimbo wa mwisho wa wazee ni Giants in the Sky. Ni wa kuwakumbuka waliotangulia, waimbaji wakongwe wa metali Ronnie James Dio na Lemmy miongoni mwao, na ujumbe wake ni mfupi: sauti zao bado ziko redioni, hawajaondoka. Umeanza mzito, kwa hatua za mtu mkubwa. Katikati kila kitu kinanyamaza, linabaki gitaa la kawaida lisilo la umeme, vidole juu ya nyuzi, unasikia mpaka ngozi inavyogusa. Kisha radi inarudi, na Halford, akiwa na miaka sabini na mbili, anapanda na sauti ile na kuishikilia. Mara ya kwanza nilidhani wamemsaidia kwa mashine. Sasa sijali. Naisubiri sehemu ile kila mara, na kila mara nywele za mikono husimama.

Anayetaka kununua: chukua ile ya nyimbo 14, na kama una uwezo chukua CD au santuri, maana kwenye simu mnamwonea Ian Hill. Sikiliza kwa spika mbili. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu bila kusimama, pumzika unywe maji, kisha endelea.

CD yangu imeshaanza kuwa na mikwaruzo kwa vumbi la grainda. Kiti cha plastiki bado kiko karibu na mlango. Na yule kijana wangu, anapofungua karakana asubuhi kabla sijafika, siku hizi nasikia kutoka barabarani anachokiwasha kwanza, kabla hata ya taa. Anauita "ule wa nyoka".